Rangi ya Motokaa na Bega la Mume Wangu

Siku motokaa iliposhushwa kutoka kwenye behewa pale stesheni ya Morogoro, watu wote walikimbilia kutazama magurudumu na taa. Mimi nilitazama rangi. Ilikuwa ya kijani kilichoiva, karibu na weusi, na vanishi iliyopakwa juu yake iling'aa hata nikauona uso wangu, kanga yangu ya kichwani, na nyuma yangu milima ya Uluguru pamoja na mawingu yake. Niliisogelea nikainusa. Kisha nikamwambia mume wangu, "Hii bado mbichi."

Akaniambia ninyamaze, watu wanasikia. Sikunyamaza. Kunyamaza nilikuja kujifunza baadaye, na nilipojifunza nilipata faida kubwa.

Motokaa ilikuwa mali ya Mhindi mwenye duka ambaye mume wangu alimfanyia kazi. Alikuwa Mwislamu mwema, mwenye kutoa sadaka, ila hasara aliiogopa kuliko chui. Alinunua nta na mpira kwa watu wa mlimani na wa bara, na yeye akapeleka chumvi na nguo Mahenge kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mume wangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao kabla sijamjua. Nilipoolewa naye nilimkuta na sugu kwenye bega la kulia, nene kama kisigino, na usiku nikiweka kichwa upande ule nilikuwa nikihama.

Njia ile ya Mahenge naijua kwa ubaya wake. Kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja huko Matombo, aliondoka na mzigo wa chumvi akiimba, na wenzake waliporudi waliniletea kisu chake tu. Walisema homa. Walisema walimzika vizuri, kando ya njia, chini ya mti. Nililia mpaka sauti ikakauka, na nilipomaliza kulia niliapa kwamba njia ile haitakula mwanamume wangu mwingine. Kwa hiyo mwenye duka alipomchagua mume wangu kuwa mtunzaji wa motokaa, kwa sababu ya mikono yake ya taratibu, nilishukuru Mungu. Nilishukuru mapema mno.

"Sikiliza," mwenye duka alimwambia mbele yangu, amesimama barazani na mikono kiunoni. "Ramadhani imeanza. Siku ya Idi nitampakia mke wangu, nizunguke naye mji mzima, nipite mbele ya Boma, nifike mpaka stesheni. Ikiwa motokaa inang'aa kama ilivyo leo, kazi hii ni yako siku zote. Ikiwa imefifia, msafara wa Mahenge unaondoka baada ya Idi, na mzigo wako upo."

Alisema huku akicheka. Lakini mizigo yenyewe ilikuwa imeshaanza kufungwa ghalani, na mimi niliiona.

Basi ikaanza shughuli ya kuchagua dawa ya kuitunzia motokaa, na mjini kila mtu akawa fundi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mke wa mwenye duka, mama mcheshi ambaye nywele zake ziling'aa kuliko motokaa yenyewe, alitoa chupa kubwa ya mafuta ya nazi akasema hakuna kitu duniani kisichopendeza kikipakwa nazi. Askari mmoja wa Boma alishauri mafuta ya taa, maana ndiyo aliyofutia bunduki. Fundi cherehani alishauri sabuni ya kufulia na maji ya moto. Mume wangu naye, masikini, alikuwa na wazo lake: majivu na limau, kama tunavyosugua sufuria za shaba. Na mwenye duka mwenyewe alikuwa na kopo la nta lililotoka Ulaya pamoja na motokaa, kopo zuri lenye picha ya farasi, na alilikumbatia kama msahafu.

"Chagueni," alituambia, akatandaza vitu vyote juu ya meza ya dukani. "Lakini mkiharibu, mmeharibu wenyewe."

Nikamwuliza mume wangu kama kuna kipande chochote cha motokaa kinachotoka bila kuvunjwa. Akasema kuna sanduku dogo la vyombo, limefungwa kwenye ubao wa kukanyagia, nalo limepakwa rangi ileile. Nikamwambia alilete nyumbani. Kitu kipya hakijaribiwi usoni. Hata dawa ya ngozi unaijaribu kwanza nyuma ya sikio.

Nililigeuza sanduku lile chini juu, na kila dawa nikaipa kona yake. Mafuta ya nazi yaling'aa papo hapo, nami nikataka kuamini. Kufika alasiri vumbi lote la Morogoro lilikuwa limehamia pale, na sisimizi nao wakafuata harufu. Mafuta ya taa yaling'arisha kwa muda wa kunywa uji, kisha yakaacha ngozi kavu ya kijivu. Sabuni na maji ya moto viliilegeza rangi hata ukucha wangu ukaacha alama. Majivu na limau sitaki hata kuvieleza. Mume wangu alitazama mikwaruzo ile, akajikuna kichwa, akasema, "Lakini kwenye sufuria..."

"Motokaa si sufuria, baba," nilimwambia. "Ila ina taa za shaba. Zile ni zako. Zisugue upendavyo."

Alifurahi sana kupewa taa zake, na nasema kweli, hakuna taa zilizowahi kung'aa kama zile.

Kopo la Ulaya lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Lakini limetengenezwa kwa nchi ya baridi. Kwetu nta yake iliyeyuka humohumo ndani ya kopo ikawa kama mchuzi, na kopo lenyewe lilikuwa dogo. Likiisha, subiri meli. Hapo nikakumbuka magunia ya nta ghalani, nta ya nyuki wa milimani kwetu, iliyoteremshwa na watu kupitia Mkuyuni mpaka mjini ili ipelekwe hukohuko Ulaya. Nikajisemea, yaani nyuki wetu wasafiri mpaka Ujerumani, watiwe koponi, warudi kwa bei, na mimi niwapokee kama wageni? Nilimwomba mke wa mwenye duka kibonge kimoja, nikakiyeyusha ndani ya bakuli lililokaa kwenye chungu cha maji ya moto. Nilipokiondoa mbali na jiko nikakichanganya na mafuta makali ambayo mafundi wa rangi waliyaita tapentaini. Nta peke yake ilikuwa nzito na ilinata. Ikichanganywa hivyo, na ikipakwa kidogo tu, ilitandaa vizuri na kukauka, na vumbi halikuipenda.

Lakini nilijua bado si wakati wake. Rangi ilikuwa mbichi, na rangi mbichi haifunikwi na nta kabla haijakomaa. Nilimweleza mume wangu kwa mfano aliouelewa. Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Hapigwi na jua, habebi kuni, huoshwa na kupakwa kwa mkono mwepesi, mpaka ngozi itulie ndipo anatolewa kwa ngoma. Mimi mwenyewe niliwekwa ndani kwa bibi yangu, na nilipotoka watu waliacha kula wakanitazama. Nikamwambia, "Mwambie bwana motokaa hii ni mwali. Iwekwe kivulini, imwagiwe maji baridi kila alfajiri, isisuguliwe. Ikitulia, nta."

Mume wangu alikwenda kumwambia. Mwenye duka, katika maneno yote hayo, alisikia moja tu: ndani.

Na alikuwa tayari kulisikia, kwa sababu kutwa nzima watu walijaa barazani kuitazama motokaa, wakaigusa, wakasema mashallah na wengine wakasahau kusema mashallah. Hofu ya husuda ilimwingia. Akachagua mahali penye giza kuliko pote katika ua wake, akaisukumiza motokaa humo, akafunga mlango, akaweka chetezo cha ubani, na akakataza mtu yeyote kuingia, hata mume wangu. Mahali hapo palikuwa zizi la punda.

Nilikuwa sijui. Mume wangu aliniambia tu kwamba bwana ameiweka ndani na ufunguo anatembea nao mwenyewe. Nilidhani ni ghalani. Nikabaki na sanduku langu la vyombo, nikiliosha kila asubuhi, na rangi yake ilipotulia nikalipaka nta, likazidi kung'aa, nami nikazidi kujisifu kwa majirani.

Ramadhani ilipopita nusu, mume wangu alirudi nyumbani mchana, saa ambayo si yake. Alikaa kizingitini bila kuvua kofia. "Imefifia," alisema. "Ameniuliza nimeipaka nini. Nimesema sijaipaka kitu. Hakuniamini. Ameniambia nikachague mzigo."

Nilichukua sanduku la vyombo, nikajitanda kanga, nikatoka. Njia nzima kutoka kwetu mpaka dukani nilikuwa nikimwona kaka yangu na chumvi yake. Hasira ilinisukuma, na hasira yangu inajulikana mpaka Mkuyuni.

Nilimkuta mwenye duka mbele ya zizi, mlango wazi, ameshika kichwa. Motokaa ilikuwa imefanya ukungu wa kijivu, kama jicho lenye mtoto wa jicho, na upande wa kushoto, ule uliokaa karibu na punda, ulikuwa mbaya zaidi. Pua yenye swaumu haidanganywi. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshajua.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Mwambie mumeo..."

"Naomba uingie humu na mimi, tufunge mlango kidogo."

Alishangaa, lakini aliingia. Nadhani hakuwahi kuombwa jambo kama hilo na mke wa mpagazi. Nilivuta mlango. Punda wakatutazama. Ule mkojo wao wa siku nyingi ulipanda kutoka ardhini ukakutana na moshi wa ubani, na haukupita muda mrefu machozi yakaanza kumtiririka.

"Unalia nini, bwana?"

"Silii! Ni hawa punda, mikojo yao inakata macho."

"Basi na motokaa yako imelia humu tangu ilipoingia," nilimwambia. "Tena yenyewe haina mkono wa kujifuta."

Alifungua mlango haraka. Alipopata hewa alianza kujitetea. "Lakini mumeo ndiye aliyesema iwekwe ndani kama mwali!"

"Mwali huwekwa ndani kwa bibi yake, bwana. Hawekwi kwa punda."

Mkewe alikuwa dirishani juu, na alicheka mpaka akakaa chini. Nafikiri kicheko kile kilitusaidia kuliko maneno yangu yote, kwa kuwa mwenye duka hakutaka kuchekwa mara ya pili. Nikamwonyesha sanduku la vyombo. Alilishika, akaligeuza, akaona chini kona zangu zilizoharibika na juu rangi inayong'aa kuliko siku ya stesheni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, "Haya. Mpaka Idi. Maneno yangu yako palepale."

Tulijenga kibanda cha nguzo na nyasi upande wa ua unaotazama mlimani, wazi pande zote ili upepo upite. Kila alfajiri baada ya daku mume wangu alichota maji mtoni. Maji ya Mto Morogoro saa ile yanatoka mlimani na baridi yake yote, ukitia mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Tuliimwagia motokaa taratibu kutoka juu, tukapitisha sifongo bila kukandamiza, tukakausha na kanga yangu ya harusi, iliyokwisha kufuliwa mpaka ikasahau maua yake. Hakuna kitambaa laini kama kanga iliyozeeka. Majirani walisema nimeitupa heshima ya ndoa yangu kwenye gari la Mhindi. Niliwaambia heshima ya ndoa yangu ndiyo hasa ninayoiosha.

Ukungu ulianza kuondoka. Siku ya kwanza sikuona kitu. Baadaye nikaliona paa la duka ndani ya rangi, halafu majani ya mwembe wa jirani, na asubuhi moja milima ikarudi, kilele kwa kilele. Nilipiga kigelegele peke yangu uani kama mwehu. Ndipo nilipoleta nta yangu, tukaipaka nyembamba, tukaiacha, tukaifuta, tukaipaka tena. Mume wangu alinifuata nyuma na taa zake za shaba, majivu mpaka kwenye nyusi.

Mlango wa kushoto tu ulikataa. Doa moja pana lilibaki pale, na nilipoona halitoki nilikwenda kwa mke wa mwenye duka, nikamwambia kweli yote. Alinikonyeza. Siku ya Idi alikalia upande wa kushoto, mtandio wake wa hariri ameuning'iniza nje ya mlango kana kwamba ni urembo, na mji mzima uliusifu mtandio.

Motokaa ilitoka baada ya swala. Mwenye duka aliiendesha mwenyewe kwa woga, kama mtu anayeongoza ng'ombe wa mwenzake. Mume wangu alisimama kwenye ubao wa kukanyagia, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, amejikaza kama bango. Walipofika karibu na Boma, mlima ukafanya yale ufanyayo bila kumwuliza mtu: wingu likateremka, mvua ikanyesha kwa kishindo ikapita, na njia ikawa tope. Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu kando ya njia. Motokaa ilirudi mpaka mbele ya duka, nasi tukiifuata, imetapakaa matope mpaka kwenye viti. Mwenye duka alishuka, uso umemshuka pamoja naye.

Mume wangu alichukua debe la maji baridi akaimwagia kutoka juu, bila haraka. Tope likateleza likaondoka lote. Maji yaliyobaki yalijikusanya matonematone, yakaviringika kama yanavyoviringika juu ya jani la gimbi, na chini yake motokaa ilikuwa kama imeshuka sasa hivi kwenye behewa. Watu wakapiga kelele. Mwenye duka hakupiga kelele. Alinitazama mimi, kisha akatazama mlima, kisha akanitazama tena.

Kesho yake aliniita. Uani mizigo ya Mahenge ilikuwa imepangwa mstari, kila mmoja na kamba yake, na wapagazi wamechuchumaa wakingoja. Mume wangu alikuwa kwenye kibanda, anafuta taa, lakini nilimjua: alikuwa anatazama mzigo wa mwisho, ambao haukuwa na mtu.

"Binti wa mlimani," mwenye duka alisema kwa sauti ya chini, "nieleze. Mmepaka dawa gani?"

Mjini wote waliamini kwamba sisi watu wa Uluguru tuna dawa ya kila jambo, ya mvua, ya mapenzi, ya kumfunga mwizi; maji na kivuli alivyoviona kwa macho yake yeye hakuvihesabu. Mimi jibu lilikuwa kwenye ulimi: maji baridi, kivuli, na nta iliyomo ghalani mwako. Mtoto yeyote angeweza. Na nilijua kwamba nikilisema, kesho atampa sifongo mtu mwingine yeyote, na ule mzigo wa mwisho utapata mwenyewe.

Nikatazama mlima. Niliutazama kwa muda, kwa heshima. Kisha nikasema, "Bwana, mkono unaoipaka ile haubebi mzigo. Ukibeba, basi, motokaa haing'ai tena."

Aliutazama mzigo, akaitazama motokaa. "Basi asibebe," akasema. "Asibebe kamwe."

Mzigo ule alichukua mtu mwingine. Nilimwona anainama kuuinua, kijana mwenye shingo nyembamba, na moyo uliniuma, kwa sababu naye alikuwa na mama mahali. Niliumia, lakini sikusema. Ningeulizwa leo, bado nisingesema.

Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na nikazaa wanangu wote na baba mmoja, kwenye nyumba moja. Mwenye duka aliniuliza tena kila mwaka Idi ilipofika, na kila mwaka nilitazama mlima.

Ile chupa kubwa ya mafuta ya nazi, iliyoshindwa kwenye motokaa, mama wa Kihindi aliniachia. Jioni mume wangu akirudi nilimkalisha mkekani, nikamvua kanzu, nikampaka begani, kwa mkono mwepesi. Sugu haikusikia mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata ikaanza kulegea pembeni. Kisha siku moja niliweka kichwa changu upande wa kulia kwa kusahau, nikajikuta nimelala.